Sura ya Sita: Kiti Ndani ya Pikapu

Mwalimu Misheck Riungu hakuwa mwongo, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Mwongo ukimvuta uzi mmoja, sweta yote inafumuka. Lakini mtu mkweli aliyeona vibaya, huyo utavuta mpaka mkono uchoke.

"Nionyeshe uliposimama," Lydiah Njoki akamwambia. "Si hapa karibu. Pale pale."

Mwalimu akasogea hatua mbili, akaegemea nguzo ya lango la shule. Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, na ukungu ulikuwa bado haujatoka bondeni mwa mto Thuchi. Shule ilikaa upande wa Chuka, juu ya daraja. Ng'ambo, upande wa Embu, lami ilipanda kwa kona kali, malori yakiguna gia ya kwanza.

"Jumanne, kengele ya saa nne ilikuwa imelia, watoto wako chai. Nikaona pikapu ya miraa ikipanda kutoka darajani. Nyuma kuna kiti cha magurudumu, na ndani ya kiti amekaa Ishmael Mithika."

"Ulimjuaje?"

"Reflekta yake, madam. Ile fulana ya kijani inayong'aa, imeandikwa mgongoni MIKINDURI MPAKA EMBU. Nani haijui?"

"Uso?"

"Alikuwa amenipa mgongo."

"Halafu?"

"Saa kumi kasoro, wakati wa michezo, pikapu ile ile ikarudi. Kiti nyuma, reflekta ndani ya kiti. Ikashuka, ikavuka daraja, ikapanda kule. Nusu saa haikuisha, nikapigiwa simu kwamba Ishmael amefika soko la juu, watu wanampigia makofi." Mwalimu akafuta miwani kwa tai. "Wanafunzi wangu walileta mayai, tukauza, tukamchangia. Ningependa sana niwe nimeona vibaya. Lakini macho ninayo."

Lydiah akahesabu hatua kutoka nguzoni hadi ukingo wa lami. Themanini na mbili. Akaandika.

Alikuwa amefanya kazi ya polisi wa trafiki miaka kumi na minne, akaacha akiwa koplo, na tangu hapo watu walimwajiri kuwatafutia ukweli wa mambo madogo. Hili halikuwa dogo. Ishmael alianguka kutoka kwenye mti wa miraa kwao Mikinduri miaka sita iliyopita, uti wa mgongo ukavunjika, na kutoka kiunoni kwenda chini hasikii hata moto. Sasa alikuwa akijisukuma kwa kiti chake, siku nane, mpaka Embu, kuwachangia wenzake thelathini na mmoja wa Meru na Embu waliovunjika kama yeye. Walitaka mito ya hewa ya kukalia, magodoro, na nyumba moja ya kutibia vidonda. Ushirika mmoja wa kahawa uliahidi kununua vyote akifika. Sharti lilikuwa moja: afike kwa nguvu zake, asibebwe hata hatua.

Barua ya mwalimu ya kueleza alichoona ilifika ushirikani Jumatano. Jioni hiyo hiyo Ishmael akaambiwa asitoke Runyenjes, na Lydiah akapewa hadi Ijumaa saa mbili asubuhi alete jibu. Kama alibebwa, ahadi imekufa, na watu thelathini na mmoja wanarudi kukalia blanketi zilizokunjwa.

Naye Ishmael hakusaidia. Lydiah alimuuliza usiku wa jana mara tatu alivyovuka Thuchi.

"Sikubebwa."

"Ulivukaje?"

"Sikubebwa, dada. Andika hivyo."



* * *

Darajani Lydiah hakuangalia watu, aliangalia chini. Hiyo ndiyo tabia ya trafiki: watu husema, lami huandika.

Hatua thelathini kupita daraja, upande wa Embu, aliona mkwaruzo. Ulikuwa mwembamba kama kalamu, ukaenda sawa karibu mita mbili, kisha ukapinda na kuingia kwenye changarawe. Akapiga magoti. Ndani ya changarawe kulikuwa na gololi ndogo nne za beringi na kipande cha chuma kilichokatika, mkato wake ukiwa bado unang'aa.

"Gurudumu dogo la mbele," akasema peke yake. Akavifunga kwenye leso.

Namba ya pikapu mwalimu alikuwa ameishika kama mwalimu, herufi kwa herufi. Simu tatu zilitosha kumpata dereva, Marete.

"Kijana, gari ya miraa ilianza kusimama lini?"

Marete akacheka huko aliko. "Nikienda, madam, sisimami hata kwa askofu. Miraa ikikauka ni kilio changu. Nikirudi tupu, mimi pia ni binadamu."

"Jumanne ulikuwa unarudi."

"Natoka Nairobi narudi nyumbani. Nikamkuta Mithika darajani, kiti kimevunjika mguu wa mbele. Nikamwambia, panda tukupeleke kwa fundi. Akakataa kama nimemtukana. Akasema kiti kiende, yeye abaki."

"Kwa hivyo ndani ya gari hakukuwa na mtu?"

"Mimi na redio."

"Na reflekta?"

"Hiyo ilikuwa ya mto. Ule mto wa hewa anaokalia. Aliutoa kwa kiti akaupangusa vizuri, akauvalisha reflekta, akaufunga kwa kiti na kamba za migomba kama mtoto anapelekwa kliniki. Aliniambia mara tano: Marete, usiuguse na mafuta. Marete, usiuweke chini. Mimi nikamwambia, wewe sasa utakalia nini? Akasema hilo niachie."

"Ulienda kwa fundi wa wapi?"

"Chuka. Alikuwa na foleni, tukakaa mpaka saa tisa na nusu. Kurudi, nikamkosa darajani. Nikaogopa, nikasema lori limemzoa. Nikapanda mbio mpaka soko la juu, namkuta amekaa chini kwa ukuta wa posho meli, kile kinu cha unga, amejaa matope mpaka kwa kope. Nikamuuliza, umefikaje? Akasema, lete kiti."

Lydiah akakata simu. Akageuka akatazama lango la shule ng'ambo. Kutoka pale, mto wa hewa uliovalishwa reflekta na kukalishwa kitini ulikuwa mgongo wa mtu. Mwalimu alikuwa ameona kila kitu sawasawa, isipokuwa mtu mwenyewe.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Kiti kilikuwa Chuka kuanzia saa nne mpaka saa kumi kasoro. Ishmael alikuwa darajani saa nne, na saa kumi yuko soko la juu. Katikati kuna mlima, na mtu asiye na miguu wala kiti. Kamati ingeuliza: kama si pikapu ile, ni gari gani?

* * *

Hakuna aliyemwona kwenye lami. Lydiah aliuliza wauza miwa, waponda kokoto, na mzee wa kutengeneza pancha. Siku nzima ya Jumanne walikuwa hapo, na mtu wa kujikokota barabarani wangemwona.

"Kuna njia nyingine ya kupanda?"

"Ya zamani," mzee wa pancha akaonyesha kwa spana. "Ile ya wazungu, kabla ya lami. Siku hizi ni ya ng'ombe."

Njia ya zamani ilianzia nyuma ya daraja, ikapanda katikati ya mashamba, udongo mwekundu. Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha na tangu hapo jua limekausha, kwa hivyo ardhi ilikuwa imehifadhi kila kitu kama saruji. Lydiah akavua viatu, akatembea kandokando.

Cha kwanza kuona kilikuwa migomba. Visiki vya migomba kumi na moja juu ya ukingo wa njia, vimekatwa kwa panga moja, vyote karibu pamoja. Mikungu ilikuwa imelala pembeni, ndizi changa kama vidole vya mtoto. Nani hukata mgomba wa ndizi changa? Na magamba yake, yale mapana ya shina, yalitapakaa njiani yakikauka. Huku watu hukatia ng'ombe mgomba. Kuuacha ukauke njiani, na ng'ombe analia hapo zizini, ni kama kumwaga uji mbele ya mwenye njaa.

Akalipindua gamba moja. Chini lilikuwa limekwaruzwa mpaka nyuzi zikatoka.

Pande mbili za magamba kulikuwa na mashimo madogo, jozi kwa jozi, kila jozi karibu shibiri moja na nusu kutoka kwa nyingine. Hayakuwa ya miguu wala ya fimbo. Lydiah akaketi chini katikati, akiupa mlima mgongo, akakunja ngumi na kuzishusha. Zikaingia kwenye mashimo sawasawa. Akasukuma. Mwili wake ulirudi nyuma, ukapanda, kiasi cha shibiri moja na nusu.

Alijaribu mara kumi. Mara ya kumi na moja mikono ikakataa kusukuma. Akageuza shingo akatazama juu. Njia ilipanda ikapotea ndani ya migomba, ikatokea tena mbali, nyembamba kama uzi. Hakuona mwisho wake.

Akabaki amekaa hapo kwenye matope makavu, kalamu mkononi, haandiki kitu.

"Wewe ni wa serikali?"

Mwanamke alikuwa amesimama juu ya ukingo, panga mkononi, gamboti miguuni. Kwa nyuma ng'ombe alilia.

"Mimi ni Lydiah, wa Karurumo. Na wewe, mama?"

"Wawira." Akaangalia visiki. "Hiyo ni wezi walikata."

"Wezi wakaacha ndizi?"

"Wezi wa siku hizi ni wajinga."

"Wana nyayo za gamboti kama zako, zile za kisigino kilichopasuka upande wa kushoto. Ziko njia nzima."

Wawira akatazama kisigino chake, akatema mate pembeni, akaanza kucheka bila kutaka. "Ngai! Tafadhali usiseme kwa nguvu. Hii migomba ni ya mama mkwe. Nilimwambia ni wezi, na amelaani hao wezi siku mbili bila kupumzika."

"Ulimbeba?"

Kicheko kikakatika. "Hakutaka kuguswa! Uliza Mungu. Nilimwona hapo chini akijivuta juu ya gunia, gunia limekwisha, suruali inaanza kwenda. Nikamwambia, ngoja niite wanaume. Akasema, mama, mtu akinigusa watu thelathini na mmoja wamelala na vidonda. Nikamwambia basi utakufa hapa. Akaniuliza kama nina mgomba."

"Mgomba?"

"Gamba bichi linateleza, si unajua? Watoto wanashukia nalo. Yeye akasema, kama linashuka, litapanda. Nikakata wa kwanza. Namtandikia nyuma yake, anasukuma anapanda juu ya gamba, natoa lililobaki chini naliweka juu. Likichakaa nakata lingine. Masaa matano hivi. Hakuimba, hakulia. Alikuwa akihesabu kwa Kimeru. Akifika mia moja anapumzika, anakunywa maji, anaanza moja tena. Mimi mihogo yangu ilibaki shambani sikuikumbuka. Nilikuwa naona kama niko kanisani."

Lydiah aliangalia nyayo za gamboti. Zilikuwa kando ya mashimo ya ngumi kila mahali, umbali wa hatua mbili, tatu. Hakuna mahali zilipokaribiana nayo. Na hakuna kisigino kilichozama. Mtu akimbeba mtu mwingine mlimani, kisigino huzama.

"Kwa nini hukusema?"

"Aliniapisha. Alisema dada mmoja anaitwa Karwirwa akijua, safari imeisha."

* * *

Ukumbi wa kanisa Runyenjes ulinuka rangi mpya na chai. Karwirwa alikuwa muuguzi wa kikundi. Kila siku alitangulia mbele kwa basi kuandaa mahali pa kulala, na ndiyo sababu Jumanne hakuwa Thuchi. Ishmael alikuwa amelala kwenye godoro, mikono nje ya blanketi, viganja vimefungwa bandeji.

Lydiah akaweka gamba la mgomba lililokauka juu ya meza.

Ishmael akalitazama. "Nani alikuambia?"

"Ngumi zako. Ziko njia nzima."

"Basi andika sikubebwa, tumalize."

"Nitaandika. Lakini neno moja tu jana lingekuokoa. Mtu haogopi ushahidi wa kumwokoa, ila kama una kitu kingine ndani."

Karwirwa alikuwa amelichukua lile gamba. Alilipindua, akaona nyuzi, akamtazama Ishmael, na uso wake ukabadilika.

"Ulijivuta na hili? Na mto ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa Chuka."

"Geuka."

"Karwirwa, mgeni yuko hapa."

"Geuka, Ishmael!"

Lydiah akatoka nje akafunga mlango. Akisubiri, alipiga namba ambayo Marete alikuwa amempa, ya Makandi, msichana wa Mikinduri mwenye mto, kwa maana Marete alimwambia mto ule haukuwa wa Ishmael, aliazimwa. Msichana alijibu haraka, sauti changamfu iliyobanwa kidogo.

"Makandi, unaendeleaje?"

"Poa sana. Nimelala kifudifudi tangu Ijumaa iliyopita. Sikai bila mto, nitaoza. Naona miguu ya watu tu. Viatu vyote vya Mikinduri navijua sasa, hata vya pasta, na vinahitaji fundi." Akashusha sauti. "Anafika kesho, sivyo? Mto haujapasuka?"

"Haujapasuka. Hauna hata vumbi."

"Nilijua. Kikundi kizima tuna mto mmoja wa maana, na ni huo. Nilimwambia auchukue ama siendi kanisani tena."

Karwirwa alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu na mdomo umekaza. "Ngozi imetoka. Si kubwa, kama kifuniko cha soda, lakini iko pale pale kwa mfupa. Hasikii. Jana alikalia hicho kidonda kilomita kumi na mbili kutoka Thuchi. Akikikalia tena kesho mpaka Embu, madam, nitamzika. Na ni yeye huyu anayewafundisha wenzake sheria ya kwanza: usiburute mwili usiousikia. Asikae. Mwezi mzima."

Kutoka ndani Ishmael akasema, "Sasa unajua kwa nini nilinyamaza."

* * *

Ijumaa saa mbili, kamati ya ushirika ilikaa kwenye viti vya kanisa. Mwalimu Riungu alikuja pia, amevaa koti la Jumapili. Lydiah akapanga vitu mezani: gololi nne, chuma kilichokatika, gamba la mgomba, michoro ya ngumi. Alisema polepole, kitu kimoja baada ya kingine. Aliposema magamba yalitoka kwenye migomba kumi na moja, mtu mmoja wa kamati alivua kofia.

"Kwa hivyo hakubebwa," mwenyekiti akasema.

"Hakubebwa. Na mwalimu hakudanganya. Aliona mto."

Mwalimu Riungu akasimama. Akaenda mezani, akalipindua lile gamba, akarudi kuketi.

Ndipo Karwirwa akasema habari ya kidonda. Mwenyekiti akasugua paji la uso. "Mimi ningemaliza hapa hapa. Lakini wanachama walipiga kura, na kura ilisema Embu. Siwezi kuibadilisha peke yangu. Bila kufika Embu hakuna kitu, na mkutano mwingine ni mwakani."

Sauti ya Ishmael ikatoka godoroni, ya kawaida, kama anauliza bei ya sukari.

"Karwirwa. Umesema nisikae."

"Nimesema."

"Hujasema nisilale."

Karwirwa alimkazia macho. Alitaka kukasirika, ikamshinda. "Hospitalini kuna vitoroli," akasema polepole. "Mgonjwa analala kwa tumbo, anasukuma magurudumu kwa mikono. Nimewahi kuviona."

"Hapa Runyenjes kuna fundi wa kuchomelea?"

Walikuwepo watatu. Walikata magurudumu ya baiskeli, wakachukua mlango wa zamani wa kanisa wakauweka chini ya godoro, na akina mama wa kanisa wakashona kanda za kumfunga miguu. Karwirwa alipima urefu, akafokea mafundi, akalala mwenyewe juu ya kitoroli kujaribu. Saa nne na nusu Ishmael alikuwa barabarani, kifudifudi, kichwa mbele, kidevu karibu na lami, bandeji mpya mikononi.

Alisukuma mara moja. Kitoroli kikaenda mita moja kikasimama. Akasukuma tena.

Watu waliokuja kushangilia walisahau kushangilia. Walijipanga pande mbili kimya, wenye kofia wamezishika. Mzee mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Na bado kilomita ishirini na kitu." Lydiah alitangulia katikati ya barabara, mkono juu, kama zamani, na lori la mchanga likasimama, na basi nyuma ya lori, na pikipiki zote. Hakuna aliyepiga honi.

Mwalimu Riungu alivua koti lake la Jumapili. Akaenda mbele ya kitoroli, akainama, akaanza kuokota mawe na vipande vya chupa, moja moja, anatupa pembeni. Aliokota kwa uangalifu wa mwalimu anayesahihisha daftari, hakuacha hata changarawe.

Ishmael alisukuma mpaka akamfikia, akasimama, akapumua, jasho likidondoka kwenye lami. Mbele yake hakuona ila visigino viwili na matako ya mtu aliyeinama.

"Mwalimu," akasema, "okota haraka kidogo. Kuna mtu Mikinduri anataka kukaa."